Shajara ya mradi: kubadilisha vizibo vya mwanga kwenye kamera tatu za filamu

Kamera tatu za milimita 35, zote za miaka ya 1970, zina ugonjwa mmoja: sponji nyeusi zinazozuia mwanga kupenya kwenye mlango wa nyuma zimeoza. Kamera 1 ni SLR (unalenga kupitia lenzi yenyewe, kwa msaada wa kioo kinachoinuka wakati wa kupiga) na shata yake, yaani kizuizi kinachofunguka ili filamu ipate mwanga, ni mapazia ya kitambaa yanayokwenda kwa mlalo. Kamera 2 ni renjifaina ndogo (haina kioo, unalenga kupitia kidirisha kilicho kando ya lenzi), shata yake iko ndani ya lenzi. Kamera 3 ni SLR yenye shata ya mabamba membamba ya chuma yanayokwenda wima, na kioo chake cha kulengea (kile kipande ambacho picha huonekana juu yake unapolenga) kinaweza kutolewa kwa kibano kupitia mdomo wa lenzi.

Kamera za Kijapani za kipindi kile, kuanzia Minolta SR-T 101 ya 1966 hadi Canon AE-1 na Pentax K1000 za 1976, zilizibwa kwa sponji ya poliyurethani. Sponji hiyo haikuumbwa kudumu miaka hamsini. Ile iliyotengenezwa kwa poliesta huvunjwa na unyevu wa hewa: minyororo ya molekuli hukatika, sponji ikawa kama lami inayonata. Ile ya polietha huharibiwa zaidi na oksijeni na mwanga, ikawa unga mkavu unaopukutika ukiigusa. Joto huharakisha yote mawili. Kwa hiyo kamera iliyotunzwa kabatini bila kutumika haiko salama kuliko iliyopigishwa kazi kila siku, na mara nyingine hali yake ni mbaya zaidi.

Msimamo wetu tangu mwanzo: sponji si ukuta. Kinachozuia mwanga hasa ni umbo la mfereji wenyewe, ule ukingo wa mlango unaozama ndani ya mtaro wa mwili wa kamera na kuulazimisha mwanga upinde kona mara mbili au tatu. Sponji inamalizia tu pengo lililobaki. Ndiyo maana kamera nyingi za Kijerumani za zamani, zenye mifereji ya kina kirefu, ziliishi na uzi au mahameli, na nyingine bila kitu chochote. Ukishalielewa hili, utaacha kuuliza kamera fulani inataka sponji ya unene gani na utaanza kupima pengo la kamera iliyo mkononi mwako.

Kikao cha 1: kusoma uvujaji

Hakuna kilichokwanguliwa leo. Kila kamera ilipakiwa filamu ya rangi ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga) ya picha 24. Kifuniko cha lenzi kilibaki mahali pake, kamera ikawekwa juani dakika 10 kila upande: juu, chini, upande wa bawaba, upande wa komeo. Baada ya kila upande tulivuta filamu picha tatu mbele, kisha ndani ya nyumba tukapiga picha moja ya karatasi iliyoandikwa jina la upande unaofuata. Alama yoyote kwenye picha zilizofunikwa lenzi ni uvujaji.

Tulichagua filamu ya rangi kwa makusudi. Mwanga unaoingia kwa nyuma hupita kwenye plastiki ya filamu kwanza, na tabaka la kwanza unalolikuta ni lile linalohisi nyekundu. Kwenye picha iliyosafishwa alama yake huwa ya machungwa au nyekundu. Mwanga unaoingia kwa mbele, kupitia shata au mdomo wa lenzi, hugonga tabaka zote kuanzia la buluu, na alama yake huelekea weupe. Filamu ya nyeusi na nyeupe inakuonyesha kwamba mwanga umeingia, lakini hailisemi hili.

Dalili ya pili ni matundu ya pembeni mwa filamu. Alama ikivuka mipaka ya picha na kufunika matundu, chanzo ni mlango wa nyuma. Ikikatika sawasawa kwenye ukingo wa picha ya milimita 24 kwa 36, mwanga umepita dirisha la filamu, ule uwazi ulio mbele ya filamu ambamo picha huangukia, na hata ubadilishe sponji zote za mlango hutakuwa umegusa tatizo.

Mahali pa alama panahitaji kugeuzwa kichwani, kwa sababu ndani ya kamera picha iko kichwa chini. Mfereji wa juu ukivuja, alama inatokea chini mwa picha. Bawaba, ambayo iko kulia ukiitazama kamera kwa nyuma, huchoma upande wa kushoto wa picha iliyo dirishani. Lakini jihadhari na bawaba: filamu iliyo karibu nayo zaidi ni ile iliyokwisha kupigwa na inaelekea kwenye spuli ya kupokelea. Alama kali kabisa inaweza kukaa kwenye picha moja au mbili nyuma ya ile uliyokuwa nayo wakati wa jaribio. Tulipozisoma negativu, jina la upande lililoandikwa kwenye karatasi halikulingana na alama mpaka tulipokumbuka hili.

Matokeo:

Kamera 1: mchirizi wa machungwa upande wa bawaba, unavuka matundu. Mengine safi.

Kamera 2: ukanda hafifu chini mwa picha, kwa hiyo ni mfereji wa juu, pia doa pana upande wa bawaba.

Kamera 3: alama karibu kila upande. Aliyeitengeneza zamani alitumia sponji nene ya kuzibia madirisha ya nyumba. Mlango umebenuka kidogo katikati na komeo linafunga kwa shida.

Kikao cha 2: vifaa

Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, inakauka polepole na maji yake yanaweza kubaki kwenye skrubu za chuma. Nafta ya kujazia viberiti vya utambi, kwa ajili ya gundi ngumu ambayo alkoholi haiiwezi. Asetoni haikaribii meza hii: inayeyusha plastiki na kung'oa rangi nyeusi ya ndani ya kamera, na rangi hiyo nayo ni sehemu ya kinga ya mwanga.

Vijiti vya meno na vijiti vya mianzi, ncha zikichongwa bapa kama patasi ya upana wa mm 1.5. Vijiti vya pamba, kibano chenye ncha kali, kisu cha upasuaji chenye wembe mpya, rula ya chuma, mkeka wa kukatia, kalipa ya kupimia unene, pampu ya mpira ya kupulizia, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kadi ngumu. Kopo la hewa iliyoshindiliwa halifai kabisa ndani ya kamera. Mkondo wake una nguvu ya kupinda bamba la shata, na likiinamishwa linatema kimiminika baridi.

Kuhusu malighafi, tunazo nne: sponji laini yenye vinyweleo wazi na gundi mgongoni, ya mm 1.5 na mm 2. Mahameli yenye gundi, unene wa karibu mm 1. Uzi mweusi wa sufu. Na sponji ya mm 2.5 kwa ajili ya kioo. Sponji ya EVA, ile ya ufundi wa watoto, tumeikataa. Ni ngumu mno kubonyea, na ikishabonyea hairudi. Kabla ya kuikubali sponji yoyote, iweke juu ya tochi gizani ikiwa haijabanwa. Ikionyesha nyota nyota za mwanga, bado inaweza kufaa ndani ya mfereji mahali itakapobanwa, ila usiitumie kwenye bawaba.

Kikao cha 3: kuondoa sponji kuukuu, Kamera 1

Hapa ndipo muda unapokwisha na hapa ndipo kamera huharibiwa. Kubandika ni kazi ya nusu saa. Kuondoa kumechukua saa mbili na robo.

Kwanza kinga. Kadi ya mm 40 kwa 60 ilikatwa ikalazwa juu ya reli za filamu, ikafunika dirisha lote, kisha ikashikwa kwa tepu ya karatasi kwenye mwili wa kamera, nje ya reli. Tepu haigusi pazia kamwe. Pazia la kitambaa limepakwa mpira, na gundi ya tepu inaweza kuubandua mpira huo. Nafta nayo ikilifikia pazia inaulainisha. Ndani ya vyumba vya filamu, kile cha mkebe na kile cha spuli, tulitia karatasi laini zilizokunjwa ili vipande visidondokee kwenye meno ya spuli.

Kamera inashikwa mlango ukiangalia chini au pembeni, si juu. Inachosha mkono, lakini kinachobanduka kinadondokea mezani badala ya kuingia kwenye mitambo.

Sponji ilivyokuwa lami, tulijaribu kwanza kuiondoa kavu. Kijiti bapa kinasukumwa kutoka mwisho mmoja wa mfereji kwenda mwingine bila kuinuliwa, lami inajiviringisha mbele yake, kibano kinaichukua. Kufuta kijiti kwenye karatasi kila baada ya sentimita moja kunaudhi, ila usipofanya hivyo unairudisha lami ulikoitoa. Karibu theluthi mbili ilitoka hivi.

Iliyobaki ilitiwa alkoholi kwa kijiti cha pamba kilichokamuliwa. Kilichokamuliwa, tunasisitiza: kikidondosha tone, kimezidi. Subiri dakika moja, kwangua, futa, rudia. Alkoholi ikiwa nyingi inaigeuza lami kuwa wino mweusi unaokimbilia kila pembe, na mfereji wa juu wa kamera nyingi una matundu madogo yanayoingia moja kwa moja chini ya kifuniko cha juu. Wino huo ukishapita hapo haurudi.

Chini ya lami kulikuwa na tabaka la gundi ya kiwandani, ya kahawia, ngumu kama ukucha. Alkoholi haikuifanya kitu. Nafta iliilainisha kwa dakika mbili, ikatoka kwa vipande. Tabaka hili ndilo wengi huliacha wakidhani ni rangi ya kamera. Gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi ya zamani, na sponji mpya itaanza kuinuka miisho yake baada ya miezi michache, hasa kwenye bawaba inapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Jaribio ni rahisi: pitisha ncha ya kijiti cha meno. Chuma kilichopakwa rangi kinateleza, gundi inakwaruza.

Mwishoni futa kwa alkoholi mara moja zaidi ili kuondoa mafuta ya nafta, acha wazi dakika 20.

Rangi nyeusi ilibanduka sehemu mbili za urefu wa mm 3 kwenye mfereji wa chini. Tumezigusa kwa rangi nyeusi isiyong'aa kwa ncha ya kijiti. Chuma kinachong'aa ndani ya mfereji kinaakisi mwanga kwenda mbele, sponji iwepo isiwepo.

Kikao cha 4: kuondoa, Kamera 2 na 3

Kamera 2 ilikuwa nyepesi, sponji kavu ya unga. Haikuhitaji nafta. Unga huo lakini unaruka, na kipande cha nyuma cha lenzi kiko wazi ndani ya dirisha la filamu. Kadi ilibanwa kwa tepu pande zote nne. Dakika 50.

Kamera 3 ilikuwa na sponji ya madirisha ambayo gundi yake ni ya aina ya mpira, haikauki. Ukiivuta inarefuka kama ulimbo. Tuliivuta polepole kwa pembe kali, karibu sambamba na uso, ikatoka yenyewe kwa vipande virefu, na mabaki yakaviringishwa kwa kidole. Kwenye shata ya mabamba tahadhari ni nyingine: mabamba yamepandana, na kimiminika chochote hunyonywa katikati yao. Kikikauka na lami ndani yake, mabamba yanagandana na kasi ya shata inapotea. Kwenye kamera hii hatukutumia kimiminika chochote ndani ya sentimita moja kutoka dirishani.

Chini ya sponji ile nene tulikuta pini ndogo ya chuma kwenye fremu ya mlango, karibu na bawaba. Ni pini inayorudisha kihesabu cha picha kwenye mwanzo mlango unapofunguliwa. Sponji ilikuwa imeilalia, pini imebaki imebonyezwa wakati wote, na ndiyo sababu kihesabu hakikuwa kikirudi. Pini za namna hii zipo kwenye kamera nyingi, mahali tofauti tofauti. Kabla ya kubandika chochote, fungua mlango, bonyeza kila kitu kinachochomoza kwenye fremu, uone kama kinarudi.

Mlango wa Kamera 3 ulilazwa juu ya kioo bapa: katikati umeinuka kiasi cha karatasi tatu za kawaida. Umenyooshwa kwa mkono, vidole gumba viwili katikati, mara nyingi kidogo kidogo. Sasa karatasi moja haipiti.

Kikao cha 5: kupima mapengo

Udongo laini wa kuchezea watoto ulifinyangwa vijipira vya mm 3, kila kimoja kikafungwa kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula ili kisishike. Vijipira vitatu kwa kila mfereji: miisho miwili na katikati. Viwili kwenye bawaba. Mlango unafungwa mpaka komeo lilie, unafunguliwa, udongo unatolewa na kupimwa kwa kalipa bila kuuminya.

Kamera 1: mifereji mm 0.9 hadi 1.0, bawaba mm 1.2.
Kamera 2: mifereji mm 0.7 hadi 0.8, bawaba mm 0.6.
Kamera 3: mifereji mm 0.9, lakini mm 1.2 katikati ya mfereji wa juu. Bawaba mm 1.1.

Sponji laini ya vinyweleo wazi tunaitaka ibonyee hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya unene wake. Kwa maneno mengine, unene uwe pengo mara 1.5 hadi 2. Ikiwa chini ya hapo haijazi kona. Ikizidi hapo mlango unasukumwa nje kila saa ya kila siku, na komeo ni kipande kidogo cha chuma ambacho hakikukusudiwa kubeba mzigo huo. Kamera 3 ilikuwa ushahidi wa kutosha.

Pengo la mm 0.7 kwenye Kamera 2 linakubali sponji ya mm 1.5 kwa taabu (mara 2.1). Mfereji wenyewe una upana wa mm 1.6 tu. Hapa tumeamua kutumia uzi wa sufu. Uzi haujali mfereji ukipindapinda, hauozi kama sponji, na ukihitaji kubadilishwa unachomolewa kwa kibano. Kasoro yake ni manyoya. Tuliupitisha juu ya mwali mdogo kwa haraka ili kuunguza manyoya ya nje, kisha tukaufuta.

Kikao cha 6: kukata na kubandika

Kwenye Kamera 1 mfereji una upana wa mm 2.0, kwa hiyo ukanda ulikatwa mm 1.8. Mpana kuliko mfereji ukiuingiza kwa nguvu unajikunja na kuinuka katikati. Sponji inalazwa karatasi ya gundi ikiwa juu, rula inakandamizwa, na wembe unapitishwa mara tatu au nne kwa uzito mdogo. Ukikata mara moja kwa nguvu, sponji inavutwa na ukingo unatoka mshazari. Kwa vipande vifupi, shindilia wembe wima kuelekea chini badala ya kuuvuta. Gundi ikianza kushika wembe, ufute kwa alkoholi. Wembe ulibadilishwa mara mbili kwa kamera tatu.

Kuingiza ukanda wa mm 1.8 wenye gundi kali kwenye mtaro wa mm 2 ni kazi ya kukatisha tamaa ukifanya kikavu, kwa sababu unashika ukuta wa mfereji kabla haujafika chini. Dawa ni maji. Bandua karatasi ya gundi, pitisha kijiti cha pamba chenye maji safi kwenye gundi, na kwa dakika moja au mbili ukanda utateleza unakotaka. Wengine hutumia mate, na yanafanya kazi hiyo hiyo. Uweke, unyooshe kwa kijiti butu bila kuuvuta, kisha uukandamize. Maji yakikauka gundi inashika kama kawaida. Mlango uachwe wazi usiku kucha.

Neno kuhusu kuvuta: ukanda ulionyooshwa wakati wa kubandikwa utarudi urefu wake wa asili, na miisho itaacha pengo la mm 2 au 3 penye kona, mahali mwanga unapopapenda. Tunakata ukanda mrefu kwa mm 1 kuliko mfereji na kuusukuma ujae.

Bawaba ya Kamera 1 ilipata sponji ya mm 2, upana mm 6. Kamera 3 ilipata sponji ya mm 1.5 kwenye mifereji na ya mm 2 kwenye bawaba. Katikati ya mfereji wa juu tuliongeza uzi chini ya sponji, urefu wa mm 40. Ukanda wa bawaba uliachwa na nafasi ya mm 4 penye pini ya kihesabu. Nafasi hiyo haivuji, kwa sababu ukingo wa mlango unaifunika kutoka nje.

Kamera 2: uzi kwenye mifereji yote miwili, ukishikwa na matone madogo ya gundi ya mpira kila sentimita 3. Bawaba ilipewa sponji ya mm 2, ile ile iliyobaki kutoka Kamera 1. Uamuzi huu ulikuwa kinyume cha vipimo vyetu wenyewe, na matokeo yake yako hapa chini.

Kikao cha 7: sponji ya kioo

Kwenye SLR kuna sponji nyingine ambayo haihusiani na mlango: ukanda ulio mbele ya kioo cha kulengea, mahali kioo kinachoakisi picha kinapogonga kinapoinuka. Kazi yake kubwa ni kutuliza pigo, na pia inaziba mwanga unaorudi kutoka kitafutio (kidirisha unachotazamia) wakati wa kupiga picha. Ikigeuka lami, kioo kinanata juu au kinarudi na mstari mweusi ukingoni.

Hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Kioo cha SLR kimepakwa fedha au alumini juu ya uso wake, si nyuma kama kioo cha ukutani, na kufuta mara moja kwa kitambaa kikavu kunatosha kukikwaruza. Kioo cha kulengea ni plastiki yenye mistari midogo, na vimiminika vya kusafishia vinaweza kuiharibu. Kibaya zaidi, kimiminika kikifika ukingoni mwake kinanyonywa na kuivuta lami iliyoyeyuka hadi katikati. Doa hilo halitoki.

Kwenye Kamera 3 kioo cha kulengea kilitolewa kwanza kikafungiwa kwenye karatasi laini. Kwenye Kamera 1 hakitoki kwa njia ya kawaida, hivyo ukanda wa kadi uliingizwa kati yake na sponji, na karatasi laini ikalazwa juu ya kioo bila kukandamizwa. Kamera ilishikwa mdomo ukiangalia chini. Kazi yote ilifanywa kavu kwa kibano na kijiti, na mabaki ya mwisho yakafutwa kwa kijiti chenye alkoholi kidogo kiasi kwamba kikiguswa karatasini hakiachi alama.

Unene: tulianza na mm 2.5. Gurudumu la kasi likiwekwa kwenye alama ya B na kifyatulio kikishikiliwa, kioo kinabaki juu. Kitazame kwa pembeni: fremu yake inapaswa kulala sambamba na dari ya chumba, ikiibonyeza sponji kidogo. Kwenye Kamera 1 mm 2.5 ilifaa. Kwenye Kamera 3 kioo kilisimama kikiwa kimeinama mbele. Kingeachwa hivyo, kingeweka kivuli laini kwenye ukingo mmoja mrefu wa picha, na kwenye kamera nyingine shata isingefunguka kabisa kwa sababu inasubiri kioo kifike mwisho wa safari. Tulirudi kwenye mm 2.

Kwa wenye Olympus OM-1: kuna sponji pia kuzunguka prizimu (kile kipande cha kioo kinachopeleka picha kwenye kitafutio), chini ya kifuniko cha juu. Ikioza inakula rangi ya fedha ya prizimu, na kwenye kitafutio yanaonekana madoa meusi ambayo hayaondoki hata ukitoa kioo cha kulengea. Kuiondoa mapema kunaokoa prizimu. Ukichelewa, inabaki kutafuta prizimu nyingine.

Kikao cha 8: Kamera 2 yarudi mezani

Mlango ulifunga jioni ile, kwa kusukuma. Asubuhi komeo lilikuwa limejiachia lenyewe. Sponji ya mm 2 kwenye pengo la mm 0.6 ni zaidi ya mara tatu, na sponji ikishabonyezwa kupita kiasi hicho inakuwa karibu kipande kigumu. Imetolewa, gundi ikasafishwa tena, ikawekwa mahameli ya mm 1, manyoya yakielekea upande mlango unakojikunja. Sasa unafunga kwa vidole gumba viwili na mlio mmoja mwepesi. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia kwa kila kamera: ukihitaji kiganja, kuna mahali sponji imezidi.

Kikao cha 9: majaribio

Tochi ndogo ya LED iliwashwa ndani ya kamera, mlango ukafungwa, tukakaa gizani dakika 10 kabla ya kuangalia ili macho yazoee. Hakuna mwanga uliotoka popote kwenye kamera tatu. Jaribio hili linakamata makosa makubwa tu. Mwanga wa tochi una nguvu ndogo sana kuliko jua, na pembe zake ni nyingine.

Filamu za ISO 400 zikarudiwa kwa utaratibu wa kikao cha kwanza, dakika 10 kila upande.

Kamera 1: safi.
Kamera 3: safi, na kihesabu kinarudi.
Kamera 2: mfereji wa juu safi, bawaba safi, lakini picha ya 1 na ya 2 zina michirizi ya machungwa kutoka kwenye matundu ya juu na ya chini, ikififia kuelekea picha ya 3.

Michirizi hiyo haifanani na uvujaji wa mlango. Inaanza na nguvu mwanzoni mwa filamu, inapungua kila picha, na inafuata pande zote mbili sawa. Mwanga huo uliingia kupitia mdomo wa mahameli wa mkebe wenyewe wakati filamu ilipopakiwa juani, ukasafiri kati ya mikunjo. Filamu nyingine ilipakiwa kivulini, kamera ikakaa juani saa moja, dakika 15 kila upande. Picha zote 24 zimetoka safi.

Vipimo vya mwisho vimeandikwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa kila kamera: pengo la mifereji, pengo la bawaba, kilichotumika na unene wake, na unene wa sponji ya kioo kwa Kamera 1 na 3.